Mtumba wa mzinga na kompresa ya fundi pancha

Wiki iliyopita dogo mmoja kanitumia meseji: "Bro, mradi wangu wa mwaka wa mwisho umekataliwa, wanasema hakuna bajeti ya vifaa, niachane nao?" Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana hiyo meseji ilikuwa yangu kabisa enzi hizo.

Mi nilitaka kupima vioo vya helmeti za bodaboda, vikipigwa kokoto vinahimili au vinapasuka. Kifaa hakuna. Tukaazima kompresa chakavu kwa fundi pancha, tukatafuta bomba la chuma na vali, tukachomelea. Siku ya kwanza naweka gololi ya beringi, supavaiza kasimama mlangoni kakunja mikono, nafungua vali... pyuuu! Hewa yote imepita pembeni, gololi imedondoka mita mbili mbele, ikabiringika mpaka kwenye kiatu chake. Akaiokota, akanikabidhi, akaondoka bila neno. Nikikumbuka masikio yanawaka mpaka leo.

Usiku huo ndo nikakutana na habari za Gerald Bull wa Kanada. Miaka ya 50 alikuwa mtafiti wa jeshi huko Valcartier, Quebec, na mitambo ya kupuliza upepo wenye kasi kuliko sauti ni ghali mno, akaona badala ya kupulizia upepo modeli ya kombora, bora modeli yenyewe ifyatuliwe kwa mzinga. Sasa modeli ni nyembamba kuliko mtutu, kwa hiyo unaivalisha gamba linalojaa mtutu, ikitoka nje gamba linaachia, modeli inaendelea peke yake. Gamba hilo wanaliita saboti, yaani kiatu cha mbao kwa Kifaransa. Kiatu! Asubuhi niko kwa seremala nachongesha vikombe vya mninga.

Mwaka 1961 Bull akahamia Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, ukazaliwa mradi wa HARP, wa kurusha vyombo vya utafiti anga za juu kwa mzinga. Mzinga wao? Mtumba wa jeshi la maji la Marekani, mdomo wa upana wa inchi 16, ukapelekwa Barbados, Januari 1963 wakaanza kufyatua. Baadaye wakaunga mitutu miwili ikafika kama mita 36. Makombora yao, Martlet, yalipima upepo wa juu kabisa ambako maputo hayafiki, na tarehe 18 Novemba 1966 mzinga mwenzake wa Yuma, Arizona, ukarusha moja hadi kilomita 180. Mzinga huo, siyo roketi!

1967 Kanada ikafunga pochi, basi. (Bull akaishia kwenye biashara ya mizinga ya vita, akauawa Brussels 1990, huko mi simfuati.) Ule wa Barbados umebaki unaota kutu.

Na sisi? Kiatu cha mninga kilikaa! Kioo cha kwanza tundu safi, cha pili kikairudisha gololi, nilipiga kelele wakasikia mpaka kantini. Semista iliyofuata chumba kikafanywa stoo. Nusu ya vipimo vyangu vilikuwa karatasi zilizobandikwa ukutani, wakazibandua, wakapaka rangi. Hakuna aliyenipigia hata simu.

Kwa hiyo dogo sikiliza, anza na chakavu. Andika kila mpigo siku hiyohiyo, piga picha, jitumie kwenye imeili. Usitegemee pochi moja. Na uandike, narudia, uandike! Vijana mnasubiri mashine ije na kontena, haiji.

Kompresa fundi pancha aliifuata mwenyewe, bado inajaza matairi. Jumamosi njoo tukamwombe tena.