Gari linawaka likiwa baridi, likipata moto linagoma: usinunue pampu bado

Dalili tunazozungumzia ni hizi: asubuhi linawaka mara moja, ukilizima likiwa na moto ukarudi baada ya nusu saa, unapiga stata mpaka betri inachoka, likishawaka linatetemeka sekunde chache halafu linatulia. Mafundi wengi hapo hutaja pampu ya mafuta moja kwa moja. Dalili hizo hizo huletwa na mafuta kutofika, mafuta kuzidi, au moto wa plagi kukatika, na huwezi kuzitenganisha kwa kubadilisha vifaa.

Anza na muda ambao gari linagoma. Injini ikizimwa, maji ya rejeta yanaacha kuzunguka lakini chuma bado kina joto, kwa hiyo chini ya boneti joto linaendelea kupanda kwa dakika 15 hadi 30 hivi, na reli ya mafuta (bomba linalogawia mafuta nozeli zinazoyanyunyiza kwenye injini) iko hapo hapo juu ya injini. Petroli iliyo wazi huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hadi 40 tu. Kinachoizuia kuchemka ndani ya reli ni presha. Presha ikivuja, reli inajaa mvuke, na nozeli zinatema mvuke badala ya mafuta. Asubuhi presha nayo huwa imeisha, ila mafuta yamepoa, pampu inayasukuma sekunde mbili tu na gari linawaka. Ndiyo maana ubovu haujionyeshi wakati huo. Gari la namna hii huwaka vizuri ukilizima na kuliwasha papo hapo, hugoma baada ya dakika 20 hadi 40, na baada ya saa kadhaa huwaka tena. Lako likigoma hata dakika moja baada ya kuzimwa, au likizimika lenyewe barabarani likipata moto, rudia kufikiria: sensa ya krenki (inayoiambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka) ina dalili hizo zaidi kuliko mafuta.

Sasa vipimo viwili visivyohitaji hata spana, vyote vifanywe gari likiwa limegoma. Cha kwanza: fungua swichi bila kupiga stata, sikiliza pampu ikilia sekunde 2 au 3, funga, subiri sekunde kama 10, rudia mara tatu au nne, ndipo upige stata. Likiwaka haraka, reli ilikuwa imepoteza presha. (Magari mengine, hasa Toyota za zamani, hayaendeshi pampu mpaka stata izunguke. Hayo yapigie stata fupi fupi.) Cha pili, siku nyingine likigoma: kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini, ishikilie hapo bila kuipampu, piga stata isizidi sekunde 10. Kwenye magari mengi ya nozeli, kontroli boksi (kompyuta ya injini) ikiona throtoli, yaani mlango wa hewa, imefunguka yote wakati wa stata hukata mafuta ili upepo ukaushe silinda. Likiwaka kwa kukohoa, na moshi mweusi na harufu ya petroli, mafuta yalikuwa yamezidi.

Vyote viwili vikishindwa, acha mafuta kwanza. Chomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari na usome mizunguko ya injini wakati wa stata. Ikibaki sifuri huku injini inazunguka, sensa ya krenki au waya zake ndizo za kushughulikia. Na kama stata yenyewe inazunguka kwa uzito, hilo ni suala la betri, nyaya na stata.

Kama kipimo cha kwanza kilikubali, funga geji ya presha kwenye njia ya mafuta. Kabla ya kufungua mpira wowote, chomoa fyuzi ya pampu, acha injini iungurume mpaka izimike, na uwe na kizimamoto karibu. Mifumo yenye mpira wa kurudisha mafuta kwenye tangi kwa kawaida hufanya kazi kwenye bar 2.5 hadi 3. Isiyo na wa kurudisha, bar 3 hadi 4. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Kinachokuhusu zaidi ni presha baada ya kuzima: vitabu vingi vya Toyota vinataka ibaki angalau 147 kPa, yaani karibu bar 1.5, dakika 5 baada ya injini kuzimwa. Ikianguka hadi sifuri ndani ya dakika moja au mbili, tafuta inakopitia.

Hapa ndipo watu hukosea kwa haraka. Jaza presha, kisha bana mpira wa kurudisha mafuta. Geji ikisimama, regyuleta (kifaa kinachosawazisha presha ya mafuta) ndiyo inayovujisha. Ikiendelea kushuka, jaza tena na safari hii bana mpira unaotoka kwenye tangi, mahali palipo kabla ya geji. Ikisimama, vali ndani ya pampu inayozuia mafuta yasirudi imechoka, au mpira mfupi ulio ndani ya tangi umepasuka. Huo ukiupuuza utabadilisha pampu bure. Ukibana kote na bado inashuka, na hakuna kinachovuja nje, ni nozeli. Usibane mipira ya plastiki ngumu, inapasuka. Tumia kikoki cha kufungia njia. Kwenye mfumo usio na mpira wa kurudisha, regyuleta na pampu mara nyingi vyote viko ndani ya tangi, kwa hiyo kipimo kitakuambia tu kama ni tangini au ni nozeli.

Regyuleta yenye mpira wa vakyumu ina njia ya mkato: chomoa mpira huo. Ukikuta petroli ndani, diaframu (utando mwembamba wa ndani) imetoboka, na injini inanyonya mafuta kupitia hapo. Hiyo peke yake hutoa dalili zote mbili, presha kushuka na mafuta kuzidi.

Nozeli inayodondosha nayo huchanganya, maana inamaliza presha na wakati huo huo inalowesha silinda moja. Subiri nusu saa baada ya kuzima, chomoa plagi zote. Moja ikiwa imelowa na nyingine kavu, umeshampata mhalifu.

Mafuta yanapozidi lakini presha inashika, angalia sensa ya joto la maji. Ukipima ukinzani wake kwa mita ya umeme, nyingi husoma takriban kilo-om 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na om 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Ikidanganya kwamba injini ni baridi, kontroli boksi inamimina mafuta ya asubuhi kwenye injini ya moto. Gari likiwa limelala usiku kucha, usomaji wake na wa sensa ya joto la hewa unapaswa kulingana, tofauti isizidi nyuzi chache. Taa ya injini isikupe imani: sensa inayosoma nyuzi 40 badala ya 90 inaweza isiwashe taa yoyote.

Kama linagoma hasa baada ya kujaza tangi, bana mpira unaotoka kwenye vali ya mvuke wa tangi kwenda kwenye manifoldi (njia ya hewa inayoingia injini) kabla ya kupiga stata. Likiwaka vizuri, vali hiyo imekwama wazi. Ichomoe uipulize kwa mdomo bila umeme; haipaswi kupitisha hewa.

Kwa wenye kabureta, hakuna presha ya kulinda chochote. Petroli huchemka ndani ya bakuli la kabureta na kumwagikia manifoldi, kwa hiyo njia ya kuliwasha ni ile ile ya kukanyaga mpaka chini bila kupampu. Angalia kama kile kipande kinene kinachozuia joto chini ya kabureta bado kipo, maana kikipasuka wengi huweka gasketi nyembamba badala yake, kisha pima kimo cha boya linalodhibiti mafuta kwenye bakuli. Bakuli likiwa kavu badala ya kufurika, mvuke umekaa kwenye njia ya pampu: weka kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu na bomba la chuma, na likiwaka baada ya dakika chache, sogeza bomba hilo mbali na ekzosi.