Nimegonga gari kwenye kipilefti: fidia, bima na maelezo ya kuandika

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nina gari dogo lenye bima ndogo. Wiki iliyopita nilikuwa naingia kipilefti cha Msamvu, Morogoro, nikagonga gari aina ya Toyota IST iliyokuwa tayari ndani inazunguka. Mwendo ulikuwa mdogo, hakuna aliyeumia. Mlango wake wa nyuma wa kushoto uliingia ndani. Kwangu ilivunjika taa ya mbele ya kulia na bampa. Yeye naye alikuwa anatoka mstari wa ndani kuja wa nje bila kuwasha indiketa. Trafiki alipima, akaniandikia faini. Tulipatana nimlipe 350,000 za mlango na rangi, nikampa 150,000 palepale. Siku ya tatu akaniletea makadirio ya gereji ya 900,000: mlango na rangi 330,000, mashine ya kioo cha mlango huohuo 150,000, na bampa la mbele 420,000, nami bampa lake sikuligusa. Mtu mmoja wa bima ananishauri niandike kwamba yeye ndiye aliyekuwa anaingia, ili bima yake itengeneze gari langu. Fundi naye anasema tuongeze bili, "hela ni ya kampuni". Je, nadaiwa ilhali sikukusudia? Na bima hii nitumie au niiache? Na siku zake za kukosa gari, nazo zinalipwa?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu yangu, kutokusudia kunakuondolea dhambi, hakukuondolei deni. Aya ya 5 ya Suratul Ahzab imeondoa lawama kwa mtu aliyekosea bila kukusudia. Lakini mali ya mtu ikiharibika kwa mkono wako, unaidhamini hata kama ulikuwa umeghafilika. Ndiyo maana mafakihi wamesema hata mtoto mdogo akivunja chombo cha jirani, fidia hutoka katika mali ya mtoto huyo. Mama Aisha (r.a.) alipovunja bakuli lililoletwa na chakula kutoka kwa mke mwenzake, Mtume (s.a.w.) hakumwacha aliyeleta aondoke na vipande. Alimpa bakuli zima badala yake, na katika riwaya ya Tirmidhi akasema: chakula kwa chakula, na chombo kwa chombo.

Sasa kosa ni la nani? Sheria ya usalama barabarani si jambo la kidunia tu lisilomhusu Muislamu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha nane kilichofanyika Brunei mwaka 1993, liliamua kwamba kufuata kanuni za barabarani zisizopingana na sharia ni wajibu, kwa kuwa ni katika kumtii mwenye mamlaka na kulinda maslahi ya watu. Kwa nchi kama yetu inayoendesha kushoto, anayeingia kipilefti huwapisha waliomo ndani, wanaomjia kutoka kulia kwake. Anawapisha wa mistari yote, si wa mstari wa nje peke yake. Wengi hukosea hapa: dereva huona gari liko mstari wa ndani, hudhani litaendelea kuzunguka, naye huingia. Ile dhana ndiyo kosa lenyewe.

Alama za gari nazo zinasema. Mlango wa nyuma ukiingia ndani, maana yake sehemu kubwa ya gari lile ilikwishapita mbele yako ulipoligusa. Ingekuwa kona ya mbele ya gari lake ndiyo iliyoingia ubavuni mwako, tungekuwa na maneno mengine. Si ushahidi wa kukata, lakini trafiki na fundi bodi huanza na alama hizo, na kadhi naye angeziangalia.

Kutokuwasha indiketa ni uzembe wake, na fiqhi haiupuuzi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, wawili wakigongana kila mmoja akiwa na mwendo wake, kila mmoja hudhamini nusu ya hasara ya mwenzake, kwa sababu kila mmoja ameshiriki katika kuharibu mali yake mwenyewe. Wanazuoni wa Kihanbali humtaka kila mmoja alipe hasara ya mwenzake yote. Gari lililosimama likigongwa, lawama yote ni ya aliyekuwa anatembea, isipokuwa aliyesimama awe ameegesha pasiporuhusiwa na akawa ndiye sababu. Baraza la Fiqhi katika uamuzi uleule wa 1993 likasema: sababu mbili zikichangia madhara, kila mtu abebe kwa kadiri ya mchango wake, kadiri isipojulikana, wagawane sawa. Kauli hii ndiyo naiona inafaa zaidi kwa ajali za magari.

Kwa hesabu za kwako ingekuwa hivi, lau msingepatana. Hasara yake ya kweli ni 480,000, yaani mlango, rangi na mashine ya kioo, bila bampa. Tuseme yako ni 260,000. Wajuzi wakisema robo tatu ya kosa ni lako na robo ni lake, unamdai 65,000, naye anakudai 360,000. Mnakatana madeni, unabaki kumlipa 295,000. Wakisema kosa lote ni lako, unamlipa 480,000 na gari lako unajitengenezea mwenyewe. Bima ndogo haitakusaidia kwa gari lako hata kidogo: inamlipa uliyemdhuru, basi.

Lakini mlipatana, na suluhu ina nguvu yake. Mtume (s.a.w.) amesema suluhu baina ya Waislamu inafaa, ila ile inayohalalisha haramu au kuharamisha halali. Ulipokubali 350,000 ulikuwa unajua habari ya indiketa ukaiacha. Huwezi kuirudisha leo upunguziwe mlango. Naye alipokubali alikuwa anauona mlango. Hawezi kuupandishia bei. Kwa mlango na rangi suala limekwisha.

Mashine ya kioo ni jambo jingine. Iko ndani ya mlango, haionekani barabarani, na mtu huitambua anapojaribu kupandisha kioo. Hapo hakusamehe, maana hakuijua. Na kwa mafakihi wa Kishafi kusamehe haki isiyojulikana hakusihi. Basi mlango ufunguliwe mbele ya mafundi wawili, mmoja wa kwake na mmoja wa kwako. Wakikuta reli au mkono wa mashine umepinda upande uleule ulioingia ndani, unailipa. Wakikuta mota imekufa kwa kutu na uzee, hudaiwi. Ukiilipa, jumla yako inakuwa 500,000, na baada ya 150,000 ulizotoa unabakiwa na 350,000.

Bampa la mbele hudaiwi hata senti. Wewe uligusa mlango wa nyuma. Aya ya 29 ya Suratun Nisaa inakataza kula mali za watu kwa batili, na kutengenezea bampa la zamani kwa ajali ya leo ni batili iliyo wazi. Mwambie kwa upole, na mwoneshe picha ulizopiga siku ile kama bampa linaonekana. (Picha hizi watu huzifanyia uvivu. Zipigwe kabla gari halijasogezwa: magari yote mawili pembe nne, matairi na mistari ya barabara, vioo vilivyodondoka, namba za magari na leseni za udereva.)

Kuhusu spea: unadaiwa kumrudishia gari lilivyokuwa, si kumwongezea. Kama mlango wake ulikuwa wa kawaida wenye umri wa miaka mingi, mlango wa mtumba wa gari kama lile, wenye hali kama ya ule, unatosha. Ukipatikana wa rangi ileile na ukafaa kufungwa bila kupigwa rangi, gharama hushuka sana. Asilazimishwe kuwekewa kitu dhaifu kuliko alichokuwa nacho, wala asikulazimishe kununua kipya cha dukani. Na kunyoosha bodi ukajaza pati nene ili kuficha bonde si ukarabati. Pati hupasuka baada ya muda na hasara hurudi. Ukilipia kazi ya namna hiyo ilhali unajua, dhamana yako haijatoka.

Faini uliyoandikiwa ni ya serikali. Wapo wanaodhani wakishalipa faini wamemaliza. Haki ya mwenye gari iko palepale.

Twende kwenye bima. Bima ya biashara, ambayo unalipa ada maalumu na kampuni ikabeba hatari, Baraza la Fiqhi lilipitisha Jeddah mwaka 1985 kuwa ni haramu kwa sababu ya gharari kubwa iliyomo, yaani kutojulikana nani atapata nini, na likaelekeza kwenye bima ya kusaidiana. Wapo wanazuoni wakubwa walioihalalisha, kama Sheikh Mustafa al-Zarqa, lakini kauli ya wengi ndiyo ninayoifuata. Hata hivyo bima ndogo hukuitafuta. Sheria ya nchi hairuhusu gari kutembea barabarani bila hiyo. Anayelazimishwa hana dhambi ya mkataba. Na uliyemgonga akilipwa na kampuni yako amechukua haki yake. Si kazi yake kuuliza deni limelipwa kutoka mfuko gani. Kwa hiyo itumie bila wasiwasi. Muda wake ukiisha, uliza takaful, yaani hiyo bima ya kusaidiana, kabla ya kukata nyingine, maana sasa zipo nchini chini ya usimamizi wa TIRA, mamlaka ya bima, na jirani zetu Kenya wanazo tangu 2011.

Kwa mwenye bima kubwa ya biashara, ile inayolipia hata gari la mwenyewe, hukumu ni nzito zaidi, kwa kuwa hakulazimishwa. Akilipwa kwa gari lake mwenyewe, naona achukue kiasi cha ada alizowahi kulipa na zaidi yake akitoe kwenye maslahi ya Waislamu. Mtu aliyelipa ada za jumla 700,000 akapewa 1,200,000, zile 500,000 si zake. Huo ni mwongozo wa aya ya 279 ya Suratul Baqara: mna rasilimali zenu, hamdhulumu wala hamdhulumiwi.

Umejiweka pagumu kwa jambo moja. Mikataba mingi ya bima humtaka mteja aitaarifu kampuni mapema, na humkataza kuahidi au kulipa chochote kwa niaba yake bila idhini yao. Wewe umepatana na kulipa kwanza. Watu huuliza: je, kampuni ikinikataza kukiri kosa, si inanifundisha kuficha ukweli? Hapana. Kueleza kilichotokea ni wajibu wako kwa yeyote mwenye haki ya kujua. Kuahidi kiasi cha fedha ambacho atalipa mwingine, hicho ndicho wanachokizuia, na wana haki nacho. Nenda sasa, na taarifa ya polisi, ramani ya tukio, ripoti ya ukaguzi wa magari, nakala ya leseni na kadi ya gari, ujaze fomu ya madai. Waambie wazi kuwa ulikwishatoa 150,000. Wakikubali, mkadiria hasara wao atalikagua gari la mwenzako kabla halijatengenezwa, kwa hiyo lisiguswe kwanza. Wakimlipa mwenzako hasara yote, akurudishie 150,000 zako, asilipwe mara mbili kwa mlango mmoja. Wakikataa kwa haki, deni linabaki shingoni mwako. Wakikataa kwa dhuluma, ipo ofisi ya msuluhishi wa migogoro ya bima. Peleka malalamiko huko kabla ya kwenda mahakamani.

Ushauri wa kuandika kwamba yeye ndiye aliyekuwa anaingia ni ushahidi wa uongo, na Mtume (s.a.w.) ameutaja katika madhambi makubwa zaidi. Usiseme kampuni ni tajiri. Mwenzako ndiye atakayebeba kosa asilolitenda, na kampuni yake italipa kwa fedha za wateja wake. Hata trafiki na kampuni wakikuamini, haikuhalalikii. Katika hadithi ya Ummu Salama (r.a.), Mtume (s.a.w.) amesema yeye huhukumu kwa anachokisikia, na aliyehukumiwa kupewa haki ya nduguye kwa ufasaha wa hoja zake amekatiwa kipande cha moto. Kama hukumu ya Mtume mwenyewe haihalalishi, ripoti ya ajali itahalalisha?

Kuongeza bili ni hivyohivyo, na fundi anayeandika 480,000 ikawa 700,000 ni mshirika wako katika khiyana. Kumpa trafiki "ya maji" ili ramani ichorwe upande wako ni rushwa, na aliyetoa na aliyepokea wote wamelaaniwa. Kondakta au dereva wa bodaboda uliyemlipa aseme aliona, naye hakuona, ni katika mlango huohuo.

Kwenye fomu andika hivi, kwa lugha nyepesi: "Nilikuwa naingia kipilefti. Gari hilo lilikuwa ndani likitokea kulia kwangu, likihama kutoka mstari wa ndani kwenda wa nje. Sikuona likiwasha indiketa. Nilifunga breki nikachelewa, kona yangu ya mbele ya kulia ikagusa mlango wake wa nyuma wa kushoto." Kama breki hukufunga, futa neno hilo. Usiandike kasi kama hukuitazama. Habari ya indiketa ni haki yako kuiandika, kwa sharti uliona kweli kwamba haikuwaka. Kama hukuitazama, sema hukuitazama.

Umeuliza kwa ufupi kama siku zake za kukosa gari zinalipwa. Wanazuoni wa Kishafi humdhaminisha manufaa mtu aliyepora kitu na kukizuia. Wewe hukulizuia gari lake, kwa hiyo silioni kuwa la lazima. Lakini kama analifanyia teksi na umechelewesha malipo kwa uzembe huku unazo, msuluhishe kwa kitu.

Fedha zilizobaki mlipe mbele ya mashahidi wawili au kwa simu ili ujumbe ubaki, kisha aandike karatasi fupi: amepokea kiasi gani, kwa mlango, rangi na mashine ya kioo ya gari namba fulani, kwa ajali ya tarehe fulani, na kwamba hana dai jingine katika hayo. Mtie saini wote wawili na kila mmoja abaki na nakala, moja uipeleke kituoni jalada lifungwe. Kama ajali ingekuwa na majeruhi, hata wa mchubuko, tusingezungumza suluhu ya barabarani: ni hospitali na PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) kwanza, kwa sababu maumivu ya shingo na kichwa huweza kujitokeza siku ya pili, na aliyepewa 50,000 akaambiwa "tumemalizana" huwa amesamehe asichokijua.

Wallahu aalam.