Mustang ya 1967 au GT mpya?

Kaka, umeuliza uchukue Ford Mustang ya 1967 yenye V8 (injini ya silinda nane) au Mustang GT ya 2024, na gari lenyewe ni la kuendea kazini kila siku. Chukua mpya, tena bila kupepesa macho.

Usidanganywe na tarakimu za zamani. Kabla ya 1972 Wamarekani walitangaza nguvu za injini iliyopimwa ikiwa peke yake kwenye stendi, bila ekzosi yake kamili. Ndiyo maana Dodge Challenger ya 1970 yenye injini ya Hemi iliandikwa nguvu ya farasi 425. Mustang GT ya 2024 ina 480, imepimwa na vifaa vyake vyote. Na inasimama! Ya 1967 nyingi zilitoka na breki za dramu magurudumu yote manne. Zikipata moto kwenye mteremko, unakanyaga huku unamwomba Mungu.

Kama moyo umeshakwama kwa ya zamani (nakuelewa, ule mngurumo!), iwe ya Jumapili. Kabla hujalipa, mwaga maji kwenye matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele, kisha ingia uguse kapeti pale miguuni. Ikilowa, kutu imeshakula ndani, na hapo ni kukata bati na kuchomelea.