Jibu: Mhitimu wangu hajibu barua pepe, je, niitume makala?

Salaam, mwalimu mwenzangu. Umeeleza kwamba uliisimamia tasnifu ya uzamivu, mwanafunzi akahitimu na kuajiriwa mkoani, na sasa makala iko tayari ila yeye hajibu, nawe unauliza kama unaweza kuituma ukiwa mwandishi wa kwanza.

Kwanza kabisa, angalia anwani unayotumia. Wahitimu wengi huacha kufungua barua pepe ya chuo wanapoondoka, na mimi huwapata kwa simu au kupitia wenzao wa darasa. Usiitume bila ridhaa yake, kwa kuwa majarida yanayofuata miongozo ya ICMJE (kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba) humtaka kila mwandishi aidhinishe nakala ya mwisho. Kulifuta jina lake nako ni dhuluma, maana data alizikusanya yeye.

Kuhusu nafasi ya kwanza, maadili ya APA (chama cha wanasaikolojia cha Marekani) yanaelekeza kwamba makala iliyojengwa kwa kiasi kikubwa juu ya tasnifu ya uzamivu imtangulize mwanafunzi, isipokuwa katika mazingira ya pekee, nami naliunga mkono hilo kwa moyo wote. Ikiwa wewe ndiye uliyechambua data upya na kujenga hoja nyingine, zungumzeni, kisha mwandikiane nani alifanya nini, nani atawajibu wahakiki na nani atalipa ada ya uchapishaji. Ada hiyo huweza kuleta mvutano, kwa sababu mara nyingi mhitimu hana tena ruzuku ya chuo.

Ukimpata, mtumie rasimu yenye mabadiliko yako yakionekana, umpe wiki mbili hivi aisome.