Mionzi ya titi na joto la Mombasa

Mwenzangu uliyeambiwa kwamba baada ya upasuaji wa saratani ya titi utapigwa mionzi, mashine isikutishe. Unalala, wataalamu wanatoka chumbani, inanguruma dakika chache, unavaa unakwenda zako. Haiumi. Wala mionzi ya mashine huondoki nayo mwilini: mjukuu mpakate, lala naye. Shughuli iko kwenye bega na ngozi.

Bega kwanza. Siku ya vipimo, kabla hujaanza, utalazwa mkono juu ya kichwa, utiwe vidoa vya wino, na kila ukija ni mkao huohuo. Aliyetolewa tezi za kwapani mkono haunyanyuki kirahisi, kwa hivyo omba mazoezi mapema. Mie nilikuwa nasimama mbele ya ukuta natambaza vidole juu, taratibu, hadi jasho linitoke. Kama ni titi la kushoto, huenda ukaambiwa uvute pumzi na kuizuia: kifua kikijaa, moyo husogea mbali na mionzi.

Siku hizi wengi hupangiwa mara 15, Jumatatu hadi Ijumaa. Wapo wa 25, wapo wa 5. Mwanzo huoni kitu. Baadaye ngozi hupiga weusi, huwasha, na chini ya titi na kwapani huweza kuchubuka. Na huzidi wiki moja au mbili *baada* ya kumaliza, ndipo ianze kupoa. Usidhani pameharibika. Ila ukiona usaha au homa, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Sasa tia na joto la kaskazi na buibui la nailoni! Nyumbani nilijifunga leso kuukuu iliyolainika kwa kufuliwa, sidiria nikaipa likizo. Maji ya vuguvugu, sabuni isiyonukia, kujikausha kwa kugusagusa. Mafuta ni yale waliyokuruhusu kliniki. Liwa, dalia na habasoda weka mbali na pahali hapo, na bahari ingoje ngozi ipone. Shangazi alinijia na kibakuli cha liwa iliyochanganywa na marashi. Nikamwambia anipake miguuni, akafurahi.

Uchovu utakuja, kazi za nyumbani wagawie wengine. Wa Likoni ombeni saa isiyogongana na foleni ya feri. Na mashine ikiharibika, uliza papo hapo siku uliyokosa itafidiwa vipi.