Kwa nini India iliachiwa na Iran ikabanwa

Mkuu, umeuliza kwa nini Marekani inaibana Iran kwa sababu ya urani wakati India, yenye mabomu kabisa, ilipewa mkataba wa nyuklia. Wengi wamekujibu "unafiki" wakaishia hapo. Unafiki upo, ila hauelezi yote. Nilikuwa nasoma siasa za kimataifa Pune, India, mwaka 2008, mkataba huo ulipokaribia kuiangusha serikali ya Waziri Mkuu Manmohan Singh, na tangu hapo nimeufuatilia.

Kisheria, Iran ilisaini mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia (NPT) mwaka 1968, kwa hiyo ilijifunga yenyewe. India haikusaini. NPT inawatambua kama nchi zenye silaha za nyuklia wale tu waliolipua bomu kabla ya 1 Januari 1967. China iliwahi, ikajaribu lake 1964, India ikabaki nje. Wahindi niliosoma nao, hata waliogombana kwa kila jambo lingine, waliuita huo ubaguzi, tena kwa uchungu kama wa wazee wetu wakisimulia ukoloni.

Sasa rudi 1974. Canada ilikuwa imeipa India kinu cha nyuklia cha utafiti kinachoitwa CIRUS, Marekani ikatoa maji mazito ya kukiendeshea, kwa ahadi ya matumizi ya amani. Plutoniamu (malighafi ya bomu) ya kinu hicho ndiyo iliyolipuliwa Pokhran, jangwani Rajasthan, tarehe 18 Mei. Canada ikakata ushirikiano, na nchi zinazouza teknolojia hiyo zikaunda kundi lao, NSG, ili jambo lile lisirudiwe. Kundi lilizaliwa kwa sababu ya India.

Mei 1998 India ikalipua tena. Waziri Mkuu Vajpayee alimwandikia Rais Clinton wa Marekani barua akieleza hofu yake juu ya jirani mwenye nyuklia, na ilikuwa wazi anaisema China. Vikwazo vya Marekani vikafuata (Ufaransa haikuweka), lakini barua ile ilikuwa imeshagusa penyewe. Washington nayo ilianza kuihofia China.

Julai 2005 Rais Bush wa Marekani na Singh wakakubaliana: India itenganishe vinu vya kiraia na vya kijeshi, vya kiraia vikaguliwe na IAEA (shirika la kimataifa la nguvu za atomiki), nayo iruhusiwe kununua urani na vinu nje. Kati ya vinu 22, India ikaweka 14 chini ya ukaguzi. Vinane vikabaki bila mkaguzi, na India ndiyo iliyochagua vipi ni vipi.

Vyama vya kushoto vikaiacha serikali, vikisema nchi inauzwa kwa Marekani. Tarehe 22 Julai 2008 hosteli nzima ilikuwa mbele ya televisheni. Wabunge wa upinzani walipunga mabunda ya noti bungeni, wakidai ni hongo waliyopewa. Serikali ikapona kwa kura 275 dhidi ya 256. Septemba, NSG ile ile ikaifungulia India mlango, licha ya Austria, Ireland na New Zealand kupinga hadi dakika za mwisho.

Tuliambiwa ni mkataba wa umeme. Basi angalia umeme wenyewe: eneo la Kovvada walitengewa Wamarekani, Jaitapur, katika jimbo la Maharashtra, wakapewa Wafaransa, na hakuna kinu kilichosimama kote kuwili. Sheria ya fidia ya 2010, iliyoruhusu muuzaji wa kinu naye adaiwe ajali ikitokea, iliwatisha wauzaji wa Magharibi; waliitunga wabunge wenye kumbukumbu ya Bhopal 1984, ambako gesi ya sumu ya kiwanda cha kampuni ya Kimarekani iliua maelfu. Waliojenga ni Warusi, huko Kudankulam, kusini mwa India. Canada yenyewe ikarudi, na mwaka 2015 ikaingia mkataba wa kuiuzia India urani.

Kilichokua kweli ni upande wa ulinzi: ndege za doria za P-8I na za mizigo za C-130J kutoka Marekani, makubaliano ya 2016 ya kutumia vituo vya kijeshi vya kila upande, mazoezi ya pamoja baharini. Hata hivyo Delhi ikanunua S-400 za Urusi, mitambo ya kutungulia ndege na makombora. Magharibi haikupata mfuasi, ilipata nchi kubwa inayoihofia China.

Kinachoniuma ni nchi kama zetu, zilizoingia NPT na kutii. Afrika Kusini ilibomoa mabomu yake yenyewe. Hakuna aliyekusanya NSG kuitungia upendeleo kama ule. Kwa hiyo mkuu, mtu akikwambia India ilipewa mkataba kwa sababu ni demokrasia inayowajibika, muulize vile vinu vinane vilikosa mkaguzi kwa sababu gani.