Wape Jambo la Kusema, Kisha Wasikilize Wanne Wanne

Walimu wenzangu wa Kiingereza, kuna kazi tunayoiweka kando kwa kuwa mtihani wa kidato cha nne hauiulizi: kuzungumza. Karatasi ile ni ya kuandika. Mwanafunzi anaweza kutoka na alama nzuri na bado akashindwa kumwelekeza mgeni njia ya kwenda bandarini Mkoani.

Nafundisha sekondari hapa Pemba, na nimeona kwamba darasa likinyamaza, mara nyingi si Kiingereza kilichokosekana, ni jambo la kusema. Mtake mtoto azungumzie "my holiday", atakupa sentensi mbili kavu. Mtake aeleze karafuu zinavyochumwa, zinavyochambuliwa makonyo, zinavyoanikwa juu ya majamvi, na mbio zinazokuwapo mvua ikishuka ghafla. Huyo atahangaika na maneno mpaka umwelewe. Andika ubaoni machache atakayoyahitaji, kama "clove", "stem" na "mat", kisha mwachie nafasi. Mwenzake naye awe na kazi: achore kila hatua anayoelezwa, bila kuchungulia daftari la msemaji. Mchoro ukienda kombo wataulizana wenyewe, na kule kuulizana ndiko ninakokutafuta.

Wakiwa katikati ya maneno, usiwakatize kusahihisha. Yaandike makosa, halafu dakika za mwisho chagua mawili matatu uyajadili na darasa zima bila kutaja jina la mtu. Kwetu utakuta "he" na "she" zinapishana, maana Kiswahili kinatosheka na "yeye", na "ship" na "sheep" zinatoka sauti moja. Lakini "think" na "this" hazitusumbui. Anayesema thelathini na dhahabu sauti hizo anazo tayari. Waambie hilo, linawatia moyo sana.

Sasa kupima. Mtihani wa kuzungumza wa IELTS, ule wa kimataifa wa kupima Kiingereza, humchukua mtahiniwa mmoja dakika 11 hadi 14. Kwa kipindi cha dakika 40 utawamaliza watatu tu, na wengine wote wanakungoja. Mimi nimechukua vigezo vyake vinne: mtiririko, msamiati, sarufi na matamshi. Kila kipindi nakaa karibu na jozi mbili wakiwa kwenye kazi yao ya kawaida, naandika 1, 2 au 3 chini ya kila kigezo, basi. Kipindi kinachofuata, wanne wengine. Kigezo cha tano nimekiongeza mwenyewe na ndicho nakipa uzito mkubwa: mwenzake amemwelewa?

Watoto wetu hawaoni ugeni katika utaratibu huu. Chuoni, yaani madrasa, kila mmoja husoma mbele ya maalim kwa zamu yake na hujua kesho anaanzia wapi. Tofauti ni kwamba Qur-ani haisomwi kwa kukosea herufi, ilhali katika Kiingereza cha kuzungumza mimi naiachia maana itangulie.

Kuchekana nakataza tangu siku ya kwanza, wala silegezi. Mwenye haya namsikiliza wakati wa mapumziko akiwa na rafiki yake, kwa vigezo vile vile.

Skuli ikiridhia, mrekodi kila mmoja kwa simu dakika moja mwanzoni mwa muhula, na dakika moja mwishoni, kisha msikilizishe zote mbili. Muulize kwa Kiingereza anataka kurekebisha nini, na jibu lake liandike chini ya alama zake.